Swali la Vitanda

Pale redioni walimwita Kengele, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alibandikwa na mafundi mitambo, kwa sababu mgeni yeyote aliyeanza kuzungusha maneno katika kipindi chake cha asubuhi alikatwa kabla hajafika kona ya pili. "Ahsante, lakini hujajibu," ndiyo ilikuwa kauli yake. Alimkata mbunge, akamkata mganga mkuu, akamkata hata mume wake mwenyewe siku alipopiga simu studio kutoa maoni marefu kuhusu barabara. Mume alinuna siku kadhaa, kisha akawa anakisimulia kisa hicho vikaoni kana kwamba alipewa nishani.

Ulipofika wakati wa kumtafuta mwongozaji wa mdahalo wa wagombea umeya, jina lake halikuwa la kwanza. Lilikuwa la mwisho. Watu wa Meya walimkataa mhadhiri wa chuo wakidai hata kicheko chake ni cha upinzani. Watu wa Wakili, mgombea aliyekuwa akitaka kumng'oa Meya, nao walimkataa mtangazaji maarufu wa televisheni kwa sababu alionekana kwenye harusi ya mtoto wa Meya, tena meza ya mbele. Majina yakapukutika moja moja mpaka akabaki Kengele, ambaye pande zote mbili zilimchukia kwa kipimo kimoja. Wakasema basi, bora huyo.

Kabla hajakubali, aliomba kuonana na wawakilishi wao wote katika chumba kimoja. Akawaambia mdogo wake wa tumbo moja ni muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya manispaa, na ni mpiga kampeni wa Wakili asiyejificha.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo nalijua," alisema. "Kama mnahofu nitavutia kwangu, nikataeni sasa. Msije mkanikataa baada ya kusikia maswali."

Msaidizi wa Meya, bwana mnene mwenye sauti ya upole, akasema hawana wasiwasi. Upande wa Wakili ukatabasamu, na tabasamu lile Kengele hakulipenda.

Maandalizi yake hakuyafanyia mezani. Alitoka. Alikwenda stendi, akaenda gereji, akasimama na watu kwenye foleni ya maji, na kila mahali aliuliza jambo moja: ukiwekwa mbele ya hawa wawili, utawauliza nini? Wengi walimpa malalamiko, na yeye akakaa nao kwa subira mpaka lalamiko likageuka swali. Fundi viatu mmoja alimwambia, "Waulize kama wana akili."

"Hilo si swali, baba. Hilo ni tusi."

"Lakini lina alama ya kuuliza mwishoni," fundi akajitetea, na wote wawili wakacheka.

Swali lililomganda lilitoka kwenye benchi la kliniki, kwa mama mmoja mwenye ujauzito mkubwa aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. Hakufikiri hata kidogo. "Nataka kujua siku yangu ikifika nitalala wapi."

Kengele alilibeba swali hilo hadi nyumbani, nalo lilikuwa zito kuliko mengine. Jengo jipya la wodi ya wazazi lilikuwa limekamilika kwa macho: rangi imepakwa, utepe umekatwa, Meya amepigwa picha akiwa ameshika mkasi. Tangu siku hiyo milango ilikuwa na kufuli. Ndani hamkuwa na kitanda hata kimoja, na wazazi waliendelea kubanana katika wodi ya zamani. Haya hakuyasikia kwa watu. Binti yake wa pekee alijifungulia katika wodi ile ya zamani, kwenye benchi la korido, shangazi za watu wakimzingira kwa khanga ili wapita njia wasimwone. Mtoto alitoka salama. Lakini Kengele alikuwepo, aliishika ile khanga kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo kila alipopita mbele ya jengo lile jipya alisimama kuzitazama zile kufuli.

Siku chache kabla ya mdahalo, mkurugenzi wa kituo alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, ila uti wake wa mgongo ulikuwa wa mpira; ulipinda kufuata upepo na kurudi ulipotulia.

"Dada, watu wa Meya wamepiga simu. Wanaomba tu mada. Yaani, kwa heshima ya ofisi, ajue ataulizwa nini."

"Mada zimetangazwa. Maji, barabara, afya, masoko."

"Wanamaanisha maswali yenyewe."

"Nikimpa yeye nitampa na mwenzake. Nikiwapa wote, tutawaalika wananchi waje kusikiliza watu wazima wakikariri."

Mkurugenzi akakuna kidevu. "Sasa kuna ubaya gani mtu akijiandaa?"

"Ajiandae. Anaongoza mji, aujue mji. Ndiyo maandalizi yenyewe hayo."

Mkurugenzi akasema atawaambia kwamba Kengele amekataa, na akasisitiza neno Kengele, ili lawama ijue nyumba ya kwenda kulala. Kengele akamshukuru na kurudi studio.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja nyumbani, umevaa sare nyeupe. Mdogo wake alipitia pale akitoka zamu, akavua viatu, akajimiminia chai bila kuuliza. Binti alikuwa pembeni akimnyonyesha mtoto.

"Dada," muuguzi akaanza, "tumepata habari Meya atasema nini. Atasema wodi mpya inafanya kazi. Anajua waandishi hawaruhusiwi kuingia. Akishasema tu, wewe mvue nguo pale pale. Mwambie, mwanangu amezaa kwenye benchi. Maneno manne tu, amekwisha."

"Mgombea wenu hana mdomo?"

"Anao, lakini yeye akisema, watasema ni siasa. Ukisema wewe, ni ukweli."

"Ndiyo maana sitasema."

Muuguzi akaweka kikombe chini. "Sikuelewi. Unajua mtu anadanganya, nawe umekaa katikati umekunja mikono?"

"Nani amesema nitakunja mikono? Nitamuuliza. Nitamuuliza mpaka ajibu. Lakini nikianza kutoa ushahidi mimi, nani atabaki wa kuuliza? Watakuwa wagombea watatu pale mbele, na kiti cha katikati kitakuwa kitupu."

"Damu nzito kuliko maji, dada."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana niliwaambia mapema kwamba wewe ni damu yangu."

Mdogo mtu akanyanyuka, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akamwambia binti, "Mama yako siku hizi ni jaji," kisha akaondoka bila kuaga vizuri. Binti aliendelea kumpapasa mwanawe mgongoni mpaka akacheua.

Siku ya mdahalo ukumbi wa chuo cha ufundi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Jukwaani kulikuwa na meza tatu, na kwenye kona kulikuwa na taa ya kuonyesha muda: kijani kwa kuzungumza, njano kwa kumalizia, nyekundu kwa kunyamaza. Meya aliketi kushoto, amevaa suti ya kijivu, ametulia kama mtu aliye sebuleni kwake. Wakili aliketi kulia, mwembamba, kalamu mbili mfukoni, miguu ikitikisika chini ya meza. Katika safu ya mbele, miongoni mwa wenye fulana za Wakili, aliketi mdogo wake Kengele.

Kengele aliivuta maikrofoni.

"Karibuni. Kila mgombea atapata muda sawa na mwenzake. Anayetajwa kwa ubaya atapata nafasi ya kujibu. Ninyi mliokaa huku chini, makofi na miluzi tunaomba mviache nje; sauti yenu mtaitoa kwenye kura. Na mimi si mgombea. Maoni yangu hamtayasikia hapa. Kazi yangu ni kuhakikisha maswali mliyoniletea yanajibiwa."

Maji yalikwenda vizuri, barabara zikaenda na mashimo yake. Alimkata Meya alipoanza kusimulia historia ya babu yake, na akamkata Wakili alipoanza kunukuu vifungu vya sheria ambavyo hakuna aliyeviuliza. Ukumbi ulicheka kwa zamu, kila upande ukimcheka mwenzake. Ndipo wakafika kwenye afya.

"Mama mmoja mjamzito nimemkuta kliniki," alisema Kengele. "Anauliza, siku yake ikifika atalala wapi. Mheshimiwa Meya, uanze wewe."

Meya akatabasamu. "Mwambie asiwe na hofu. Wodi mpya ya wazazi tumeijenga na tumeifungua. Ni ya kisasa, inahudumia mama zetu, na majirani zetu wanatuonea wivu."

Maneno yote yalikuwa pale, manne tu, yamejipanga nyuma ya meno ya Kengele. Safu ya mbele mdogo wake alikuwa amemkazia macho na kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhimiza mtoto kupiga hatua. Kengele akageukia upande wa kulia.

"Wakili, una nafasi ya kujibu."

Hapo ndipo alipotegemea mambo yajinyooshe yenyewe, na hapo ndipo yalipopinda. Wakili, aliyekuwa na muuguzi mzima wa wodi ile kwenye kampeni yake, alifungua mdomo na kuanza kuzungumzia safari za nje za Meya. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na alikuwa na hamu ya kulisema, basi akalisema. Alizungumza juu ya ndege na hoteli mpaka taa ikawa nyekundu, na wodi hakuigusa. Muuguzi akajishika kichwa.

Sasa uongo ulikuwa umekaa mezani kama mgeni aliyekaribishwa, na hapakuwa na mtu wa kuutoa isipokuwa Kengele. Alijikumbusha kwamba swali si lake wala si la Wakili. Ni la mama aliyejipepea kwa kipande cha boksi, na mama yule bado hakuwa amejibiwa.

"Mheshimiwa Meya," alisema, "mama ameuliza atalala wapi. Katika wodi hiyo mpya kuna vitanda vingapi ambavyo mzazi anaweza kulazwa leo?"

"Ujenzi umekamilika kwa asilimia mia moja."

"Sikuuliza ujenzi. Nimeuliza vitanda."

"Vitanda ni sehemu ya mpango mpana wa vifaa, ambao unaendelea kwa kasi."

"Nimekusikia. Leo viko vingapi?"

Tabasamu la Meya likafifia. Aliegemea mbele, na sauti yake ikabadilika. "Nadhani wananchi wana haki ya kujua jambo. Huyu mama anayeniuliza kwa ukali namna hii, mdogo wake amekaa pale, safu ya mbele, amevaa fulana ya mpinzani wangu. Sasa huu ni mdahalo au ni kesi ya nyani, hakimu ngedere?"

Ukumbi ulilipuka. Upande wa Meya ulisimama ukipiga meza, upande wa Wakili ukajibu kwa miluzi. Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akafuta uso kwa leso. Kengele hakupandisha sauti. Alingoja, mikono juu ya meza, akiwatazama watu mmoja mmoja mpaka kelele zikaona haya na kukaa chini.

"Ni kweli," alisema. "Yule ni mdogo wangu wa damu. Ni muuguzi, na anampigia kampeni Wakili. Niliwaambia wawakilishi wenu wote kabla ya kukubali kiti hiki, na wote walinikubali. Sasa mmejua na ninyi wananchi, na ni haki yenu kujua. Nipimeni mnavyotaka. Mkiona nimependelea, semeni." Akamgeukia Meya. "Lakini mheshimiwa, mdogo wangu hata angekuwa anakupigia kampeni wewe, swali lingekuwa hili hili. Vitanda viko vingapi?"

Meya alitazama taa, akatazama maji yaliyokuwa kwenye glasi.

"Vitanda havijafika," alisema hatimaye.

Mzomeo ulianza upande wa Wakili, na Kengele akainua mkono mara moja. "Hapana. Mtu amejibu. Anayejibu hazomewi. Mheshimiwa, una muda wa kueleza kwa nini, na hakuna atakayekukatiza."

Meya akaeleza. Mwagizaji aliwaangusha, zabuni ikarudiwa, na jengo lilizinduliwa mapema kuliko ilivyostahili. Alilisema hilo la mwisho kwa shida, kama mtu anayejing'oa mwiba, lakini alilisema. Kengele hakuweka neno juu yake.

Kwenye safu ya mbele walikuwa wakipeana mikono chini chini, mdogo wake akiwa amechanua kama ua. Ndipo Kengele akageuza kiti.

"Wakili. Umeahidi huduma ya uzazi bila malipo na wodi nyingine kila kata, ndani ya mwaka wa kwanza. Fedha utazitoa wapi?"

"Kwa kubana matumizi," Wakili akajibu haraka.

"Matumizi yapi?"

"Yale yasiyo ya lazima. Anasa zote hizi tulizozisikia."

"Taja moja ambalo litatosha kujenga wodi."

"Tutakaa na wataalamu..."

"Hujakaa nao bado?"

Wakili akachukua kalamu, akairudisha. Miguu yake chini ya meza ilikuwa imeacha kutikisika. "Sijakaa nao," alisema. "Hesabu yenyewe bado sijaifanya."

Sasa ilikuwa zamu ya upande wa Meya kuanza kuzomea, na mkono ule ule wa Kengele ukainuka vile vile. "Amejibu. Mwacheni aeleze." Wakili akaeleza, kwa unyenyekevu ambao haukuwahi kuonekana kwenye mabango yake, ni nini angeanza nacho kama ahadi yote isingewezekana. Kilikuwa kidogo kuliko alichoahidi. Lakini kwa mara ya kwanza jioni ile watu walimsikiliza bila kutabasamu.

Mdogo mtu hakusubiri mwisho. Alinyanyuka mada ya masoko ilipoanza na kutoka, bila kumtazama dada yake.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi alimkuta Kengele kabla hajavua mkoba. Pande zote mbili zilikuwa zimelalamika. Watu wa Meya walisema amemdhalilisha kiongozi. Watu wa Wakili walisema amempandisha kizimbani mtu ambaye hata madarakani hajaingia.

"Ingekuwa vizuri," mkurugenzi alisema, akitazama dirishani, "ukawaomba radhi hewani. Maneno mawili tu ya kupoza."

"Radhi kwa kosa gani?"

"Si lazima kuwe na kosa."

"Basi si lazima kuwe na radhi." Akavua mkoba. "Mkurugenzi, nikiwa nimempa mmoja muda mrefu, nitaomba radhi. Nikiwa nimemkatiza mmoja akijibu, nitaomba radhi. Kanda ipo, isikilize mwanzo mpaka mwisho, ukikuta hayo niite. Lakini kuuliza swali mara ya pili na ya tatu kwa sababu halijajibiwa, hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Ukitaka asiyefanya hivyo, muweke mwingine, nami sitakununia."

Akaingia studio. Hakutoa maoni yake kuhusu mdahalo, ingawa watu waliokuwa wakipiga simu walimbembeleza. Alirusha maswali na majibu kama yalivyokuwa, akafungua laini. Mmoja alimtukana, akamshukuru. Mmoja alimwita shujaa, naye akamkata kwa haraka zaidi kuliko yule wa kwanza. Wengi walitaka kujua kama kutakuwa na mdahalo wa pili, na walipiga simu hata baada ya kipindi, mpaka mkurugenzi mwenyewe akawa anapokea.

Nyumbani jioni alimkuta mdogo wake amekaa jikoni, bado ana sare, uso umevimba kwa hasira ya kutwa nzima.

"Umemmaliza mgombea wangu," alisema.

"Nilimuuliza kama nilivyomuuliza mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu?"

"Nilikuwa na haki ya kufurahi hata dakika tano."

"Ulifurahi. Nilikuona."

Muuguzi alitaka kucheka, akajizuia. "Na ile ya mwanao ulishindwa nini kuisema? Watu wote wangelia."

Binti ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na mtoto begani. "Wangelia, mama mdogo, kisha wangenigeukia mimi. Kesho yake mtaani ingekuwa ni yule aliyezaa kwenye benchi. Mimi sikutaka kuwa mazungumzo. Nilitaka Meya aseme vitanda havipo. Amesema."

Muuguzi alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akambembeleza hadi akalala. Alipoondoka aliaga vizuri, ingawa alisisitiza mlangoni kwamba bado ana hasira na ataendelea kuwa nayo mpaka atakapoamua mwenyewe.

Siku si nyingi baadaye mkurugenzi alimwita tena. Safari hii hakutazama dirishani. Pande zote mbili zilikuwa zimekubali mdahalo wa pili, na zimekubali aongoze yeye, kwa sharti. Meya alitaka suala la vitanda lisirudiwe kwa kuwa limeshajibiwa. Wakili alitaka maswali ya fedha yaanze kwa Meya.

"Nimewaambia," mkurugenzi alisema, na uti wake wa mgongo ulionekana kunyooka kidogo, "kwamba mwongozaji wetu hapokei masharti. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi jiandae."

Kengele akachukua mkoba wake na kutoka, akaelekea stendi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mabasi walimtambua kabla hajafungua mdomo, na mchuuzi mmoja wa ndoo akamsogezea kiti. Kengele akakaa, akamshukuru, akamtazama usoni.

"Haya, nipe swali," alimwambia. "Na liwe swali kweli."